Wafunguliwe mlango, wavishwe makoti

DIRISHA LA UGHAIBUNI
Na Zawadi Mtambo, Minneapolis

Novemba ikishaingia hapa Minnesota, walimu wa shule za msingi huanza kupokea vikaratasi kutoka kwa wazazi wetu: mwanangu asitoke nje wakati wa mapumziko, ana kifua. Anayejua Kiingereza huandika mwenyewe, asiyekijua humtuma mtoto mkubwa akaseme. Ni Wakongo waliotoka Uvira na Bukavu, ni Wakenya wa Kisii, ni Watanzania wenzangu. Wiki hii nawaomba wazazi hao waache vikaratasi hivyo. Nina ombi jingine kwa shule, na hilo la pili ni zito kuliko la kwanza.

Hofu ya baridi tumekuja nayo kutoka nyumbani. Mtoto wa Njombe au Limuru huvishwa masweta mawili na kofia ya sufu mwezi wa saba, na akianza kukohoa bibi yake hahitaji kipimo: baridi imemwingia kifuani. Siidharau hofu hiyo, maana hakuna maradhi ya kuambukiza yanayoua watoto wengi duniani kama nimonia. Ila nimonia na mafua huletwa na virusi na bakteria, wala havitoki kwenye theluji. Vinapata nafasi nzuri zaidi pale watoto 25 wanapokaa chumba kimoja ambacho madirisha yake hayajafunguliwa tangu Oktoba, hewa imekaushwa na hita, wanakoholeana usoni kutwa nzima. Mzazi anayemfungia mtoto ndani ili asipate mafua anamwacha palepale mafua yalipo.

Wapo pia wanaotetea kucheza nje kwa hoja isiyo sahihi. Nimesikia mara nyingi wazazi wakiambiwa mtoto atoke Januari apate vitamini D ya jua. Huku kaskazini, miezi hiyo jua hupita chini mno, na miale inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini hiyo haifiki ya kutosha. Ngozi nyeusi ndiyo inayohitaji mwanga mwingi zaidi. Vitamini D ya majira ya baridi itafutwe kwenye maziwa yaliyoongezewa, au kwenye vidonge kwa ushauri wa daktari. Wanaofaidika na mwanga wa nje ni macho. Huko Guangzhou, China, watafiti waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: baada ya miaka 3, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa takriban asilimia 30, na kwa wenzao ambao hawakuongezewa muda ilikaribia asilimia 40. Hata siku ya mawingu, mwanga wa nje huushinda wa darasani mara nyingi.

Tuyaache mapafu na macho, kwa sababu kwangu mimi lipo kubwa zaidi. Mtoto aliyefika majuzi kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma hufundishwa Kiingereza cha vitabu darasani. Kiingereza cha kupata rafiki anakiokota uwanjani: nipasie, zamu yangu, umeniumiza, njoo tuteleze. Mwalimu hana kipindi cha maneno hayo. Theluji inapoanguka uwanja hubadilika, na watoto wote, mwenyeji na mgeni, huanza upya. Wanachimba mapango kwenye lundo lililosukumwa na trekta, wanabingirisha mipira ya theluji iliyowazidi kimo, wanagombana juu ya nani kaharibu ukuta wa nani, wanapatana kabla kengele haijalia. Aliyeachwa maktaba na tableti kuanzia Desemba hadi Machi hakuwepo urafiki huo ulipofungwa. Aprili theluji ikiyeyuka atatoka, atakuta wenzake wana mizaha asiyoielewa na timu ambazo zimeshajaa. Nimewaona watoto wa namna hiyo, na upweke wao huchelewa kuondoka kuliko theluji.

Sasa ombi la pili. Shule nyingi huku zina kanuni inayoonekana ndogo: asiye na suruali ya theluji na mabuti asikanyage theluji, abaki kwenye lami iliyosafishwa. Sababu ipo. Suruali ya jinzi ikilowa, mtoto atatetemeka hadi saa ya kurudi nyumbani. Lakini pita karibu na uzio wa shule saa sita mchana uone kanuni hiyo inavyowagawa watoto. Upande wa theluji kuna kelele na rangi za kila aina. Kwenye lami wamesimama wachache, mikono kwapani, wanaitazama michezo ya wenzao. Huhitaji kuuliza ni familia zipi zimefika mwaka huu, wala ni mama gani anafanya kazi zamu ya usiku na bado hajalipwa mshahara wa kwanza.

Mwaka 2023 Minnesota ilipitisha sheria inayozuia shule kumnyima mtoto mapumziko kama adhabu, isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano akihatarisha usalama wa wenzake. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilikuwa kimeshatoa msimamo huo tangu 2013. Nauunga mkono kwa moyo wote. Basi naomba sheria hiyo isomwe kwa jicho la mtoto aliyesimama kwenye lami. Mwalimu haruhusiwi kumnyang'anya mchezo hata akiwa mtundu, ilhali kukosa suruali ya theluji kunamnyang'anya mchezo huohuo kila siku, bila kosa lolote. Shule inayomkabidhi kila mtoto tableti na kitabu inaweza pia kuwa na kabati la makoti, suruali na mabuti ya kuazima, yenye saizi zote, yanayotolewa bila mtoto kuombaombea mbele ya darasa. Makanisa, misikiti na maktaba hukusanya makoti na kuyagawa, nawashukuru sana. Lakini mtoto asitegemee kama shangazi yake alisikia tangazo la Jumapili. Makoti yapo, tena tele. Ukipita soko la Gikomba, Nairobi, au la Karume, Dar es Salaam, utakuta marobota ya makoti mazito yaliyotoka huku, na madereva wa bodaboda wameyavaa alfajiri.

Wanaopenda kuisifu Ufini waitazame vizuri. Ni kweli kwamba huko kila somo la dakika 45 hufuatiwa na mapumziko ya dakika 15, watoto wakatoka nje kwenye baridi, na kwamba vichanga hulazwa nje ndani ya vigari vyao, wamefunikwa barabara. Kisichosimuliwa ni makabati ya kukaushia nguo yaliyomo katika shule zao za chekechea. Glavu zilizolowa saa nne asubuhi hazina maana tena saa nane, na asiyekuwa na jozi ya pili amemaliza siku yake.

Mipaka lazima iwepo, na wazazi wana haki ya kuijua. Kinachopimwa ni baridi pamoja na upepo. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 18 chini ya sifuri, na upepo ukivuma kilomita 24 kwa saa, mwili unapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Ndiyo maana shule nyingi za kaskazini huwabakiza watoto ndani baridi, upepo ukihesabiwa, inapofika kati ya nyuzi 18 na 23 chini ya sifuri. Tarehe 30 Januari 2019 hapa Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri kabla hata ya kuhesabu upepo, na shule zikafungwa. Siku kama ile hakuna mjadala.

Kuna mambo mawili yanayowahusu hasa watoto wetu, na walimu wengi hawajaelezwa. La kwanza ni ngozi. Tafiti zilizofanywa katika majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kuwa askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi kuliko wenzao weupe. Na mwalimu aliyezoea kuangalia mashavu kama yamekuwa mekundu au yamepauka anaweza asione kitu kwa mtoto mweusi. Kwake dalili huwa rangi ya kijivujivu, ngozi kuwa ngumu, na zaidi ya yote ganzi. Mtoto akisema hasikii vidole vyake, aingizwe ndani papo hapo, hata kama mkono unaonekana mzima.

La pili ni selimundu. Ugonjwa huu uko katika familia nyingi zinazotoka Kongo, pwani yetu na kandokando ya Ziwa Victoria, na baridi ni mojawapo ya mambo yanayochochea maumivu yake makali. Mtoto mwenye selimundu hawezi kupangiwa kwa kanuni ya watoto wote. Kwake kikaratasi kiandikwe, tena na daktari, na shule itenge mchezo wa ndani akiwa na rafiki mmoja au wawili, asikae peke yake kwenye kiti cha ofisini. Mwenye pumu kwa kawaida anaweza kutoka, amefunika pua na mdomo kwa skafu na ametumia dawa yake ya kuvuta kama alivyoelekezwa.

Kwa mama au baba ambaye hii ni theluji yake ya kwanza, jifunze mpangilio ambao watoto wa chekechea hufundishwa: suruali ya theluji kwanza, kisha mabuti, koti, kofia, na glavu mwisho, kwa sababu aliyevaa glavu hawezi kufunga zipu. Usimvishe soksi za pamba. Zikilowa jasho hupoza mguu. Sufu ni bora. Na chagua glavu ambazo vidole vinne vinakaa pamoja, vinapashana joto.

Vikao vya wazazi na walimu huwa mwezi huu. Nenda, hata kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha. Una haki ya mkalimani. Uliza mtoto wako anacheza upande gani wa lami, uliza kabati la nguo za kuazima liko wapi, na omba kiwango cha baridi cha kubaki ndani kiandikwe kwa Kiswahili. Shule za Minneapolis tayari huwaandikia wazazi kwa Kisomali, Kihispania na Kihmong.