Usichekelee luga ya mama



Siku moja kwenye lopitali, mama mmoja aliyetoka Kasai alikuwa anamueleza munganga ugonjwa wake, akichanganya Kiswahili na Tshiluba. Binti yake, mwenye kusoma sekondari, akamuvuta nguo: "Mama, nyamaza, batatucheka! Miye nitasema." Akaanza Kifaransa. Mama akainamisha kichwa.

Nikakumbuka habari za Amy Tan, aliyezaliwa mwaka 1952 kule California, Marekani. Wazazi wake walitoka China. Baba alikuwa injinia, tena muhubiri wa Kibaptisti. Kiingereza cha mama hakikunyooka. Nyumbani walielewana naye vizuri, lakini watu wa banki na wa maduka walijifanya kama hawamusikie. Basi Amy, akiwa kijana wa miaka 15, alishika telefone na kujiita Mama Tan.

Kisha, Amy akiwa mtu muzima, mama alikwenda lopitali kupata majibu ya picha ya ubongo. Wakamuambia picha imepotea, bila kuomba musamaha. Akawaeleza kwamba bwana yake na mwana wake walikufa kwa uvimbe wa ubongo. Hawakumuhurumia. Akakataa kutoka mpaka munganga amuite binti yake. Amy aliposema Kiingereza kizuri, palepale wakaomba musamaha na kuahidi kutafuta picha. Kumbe shida ilikuwa ileile na mama yuleyule!

Zamani Amy aliona haya. Aliwaza ya kama maneno ya mama ni mabovu, basi na mawazo yake ni mabovu. Lakini mama huyo alisoma gazeti la mambo ya feza bila taabu. Amy alipoanza kuandika hadisi, akamuweka mama mbele ya macho kama musomaji wake. Kitabu chake, The Joy Luck Club, kilitoka mwaka 1989, na watu wengi sana wakakisoma. Mama naye akasema ni chepesi kusoma.

Vijana, leo jamaa zetu wengi wako Marekani, na watoto wao wanawatafsiria wazazi kila siku. Kutafsiria mama ni kazi nzuri. Kumunyamazisha ni jambo lingine.

Kule lopitali, munganga aliuliza: "Maumivu yalianza lini?" Binti akakosa jibu, Kifaransa chake chote kikaisha. Akamugeukia mama. Mama ndiye aliyejua.