MAONI YETU: NGUZO KWANZA, GHOROFA BAADAYE



Katika kikao kilichopita iliposemwa kwamba ghala letu lipandishwe ghorofa, wengi tulipiga makofi. Sisi waandishi wa ukuta huu nasi tulipiga. Lakini tulipokwenda kulitazama ghala lenyewe kwa upande wa bondeni, makofi yalitupungua.

Wapo wanaosema tetemeko ni mambo ya Bukoba. Kweli, tarehe 10 Septemba 2016 liliwapiga wao, kipimo 5.9, wakafa watu zaidi ya 15, na Sekondari ya Ihungo ikaharibika vibaya. Lakini lile la 12 Agosti 2020 lilitokea baharini upande wa Dar es Salaam, likasikika hadi Mombasa. Na milima hii tunayokalia yenyewe iliinuka kwa ardhi kupasuka.

Wengine wanajibu: zilizoanguka Bukoba nyingi ni za matofali matupu, yetu ni zege na nondo. Haya, hizo nondo zimefungwaje mle ndani? Nani ameziona?

Ghala limekaa kwenye mteremko, kama nyumba nyingi za Soni. Nguzo za bondeni ndefu, za mlimani fupi. Mtu atadhani ndefu ndizo dhaifu. Sivyo. Ardhi ikitikisika, ndefu hupinda kidogo. Fupi ni kaidi, hazipindi, basi hujitwika nguvu nyingi kuliko zile nyingine na ndizo hukatika kwanza. Tena chini tumeacha wazi ili magari yapakie mboga, na juu tunataka kuta na watu. Jengo la hivyo hukunjika miguuni.

Kuna na ringi, zile zinazozifunga nondo zisifumuke. Karibu na maungio ya nguzo na boriti zatakiwa zikaribiane zaidi, na ncha zake zikunjwe kuingia ndani ya zege. Fundi mwenye haraka huziachanisha tu. Nguzo ya kona imeacha matundu, nondo inaonekana na kutu yake. Hiyo hata mtoto anaiona.

Tunaishauri Kamati isinunue hata mfuko mmoja wa simenti kabla ya kumwomba mhandisi wa halmashauri aje Soni. Apime zege kwa nyundo yake ya kupimia, achimbue kidogo tuone ringi, atuambie jengo kama lilivyo leo linabeba nini. Ikibidi nguzo zivishwe koti la nondo na zege jipya, fedha ya ghorofa ianzie hapo, na wa kununa wanune.

Aliye na mchoro wa zamani wa ghala aulete kwa Katibu kabla ya kikao.