Jeshi lililomng'oa jenerali wake bila risasi

Msomaji wangu, vijiweni kuna swali moja linalowagombanisha watu kuliko Simba na Yanga: mchungaji aliyeanzisha kanisa akifa, kanisa linabaki la nani? La mama mchungaji? La mtoto wake aliyerudi kutoka masomoni na suti mpya? Au la wale waliotoa sadaka kila Jumapili na nauli ya daladala wakakopa?

Kabla hamjashikana mashati, ngoja niwape kisa cha Jeshi la Wokovu. Ukipita Kilwa Road pale Mgulani utawakuta, jirani kabisa na wale wa JKT. Usije ukachanganya majeshi. Hawa wa Wokovu silaha yao ni Biblia na tarumbeta, na pale pale wana Shule ya Matumaini ya watoto wenye ulemavu.

Mambo yalianzia London mwaka 1865. William Booth, mhubiri aliyewahi kuwa mchungaji wa Kimethodisti, akishirikiana na mkewe Catherine, alianza kuhubiri mitaa ya walalahoi, upande wa mashariki ya jiji. Kundi lao liliitwa Misheni ya Kikristo. Mwaka 1878 walikuwa wanaandaa taarifa iliyosema wao ni "jeshi la kujitolea". Mtoto wa Booth, Bramwell, akang'aka: yeye si wa kujitolea, ni askari kamili au basi. Mzee akachukua kalamu, akakata neno moja na kuandika "wokovu". Jina likapatikana, na mzee akawa Jenerali. Huyo Bramwell mshike vizuri, tutarudi kwake.

Mwanzo haukuwa mteremko. Wenye baa na walevi wao waliwachukia, maana walikuwa wanawapunguzia wateja. Mwaka 1882 peke yake, watu wa Jeshi 669 walishambuliwa huko Uingereza. Hata yale matarumbeta yana kisa chake. Fundi ujenzi mmoja wa mji wa Salisbury, Charles Fry, alikwenda na wanawe watatu kuwalinda wahubiri wasipigwe, wakabeba na vyombo vyao vya kupuliza. Mabaunsa wakageuka bendi!

Kila kitu kwao kikawa cha kijeshi. Kanisa la mtaani ni kikosi. Muumini ni askari, na uaskari hapewi mtu hivi hivi: anasaini hati chini ya bendera kwamba pombe, sigara, dawa za kulevya na kamari ameachana navyo. Najua kuna washikaji hapo wameshaanza kukunja gazeti. Anayetaka uchungaji anakwenda chuoni akiwa kadeti, anatoka Luteni, halafu Kapteni, halafu Meja. Juu huko wapo makanali na makamishna. Ukiambiwa uhamie mkoa fulani, unafunga mabegi. Tangu mwaka 1883 hawabatizi kwa maji wala hawana meza ya Bwana. Na askari akifa hawasemi amekufa, wanasema amepandishwa cheo kwenda utukufuni.

Akina dada, hapa pana lenu. Wakati makanisa mengi hayataki hata kusikia mwanamke kasimama mimbarani, Jeshi lilimpa cheo sawasawa na mwanamume. Catherine alikuwa ameitetea hoja hiyo kwa maandishi tangu mwaka 1859.

Sasa turudi kwenye swali letu. Katika hati ya mwaka 1878, Booth alikuwa Jenerali wa maisha. Mali zote za Jeshi, majumba kwa viwanja, zilikuwa chini ya jina lake kama mdhamini pekee. Na mrithi alimchagua yeye mwenyewe kwa kuandika jina, akalifungia kwenye bahasha. Alipofariki Agosti 1912 bahasha ikafunguliwa. Jina? Bramwell, mwanawe. Mnashangaa nini?

Lakini mzee alikuwa mjanja. Mwaka 1904 alikuwa ameongeza kifungu kwamba Jenerali akishindwa kazi, makamishna na wakuu wengine wanaweza kukutana katika Baraza Kuu na kumwondoa. Mwaka 1928 Bramwell aliugua vibaya, umri umekwenda, na bado bahasha ya mrithi ilikuwa mkononi mwake. Wakubwa wa Jeshi wakasema hapana. Januari 1929 Baraza likakaa nje kidogo ya London, likampigia kura ya kumng'oa: 55 kwa 8.

Bramwell akaenda mahakamani kwamba hakusikilizwa. Mahakama ikaona ana hoja. Baraza likarudi, likasikiliza upande wake, likapiga kura tena: 52 kwa 5. Mwezi wa pili Edward Higgins, asiye mtoto wa Booth, akachaguliwa Jenerali. Bramwell alifariki Juni mwaka ule ule. Inauma, maana ni mtu aliyelijenga Jeshi tangu ujana wake.

Mwaka 1931 Bunge la Uingereza likapitisha sheria: bahasha marufuku, Jenerali achaguliwe na Baraza Kuu, na mali zishikwe na kampuni ya wadhamini. Na kioja chenyewe ni hiki: aliyekuwa mstari wa mbele kupinga bahasha ni Evangeline Booth, dada yake Bramwell. Mwaka 1934 naye akawa Jenerali, mwanamke wa kwanza, lakini kwa kura.

Jeshi hilo lilianza kazi rasmi Kenya mwaka 1921, ambako leo lina waumini kibao, na huku kwetu mwaka 1933, Tabora. Mwaka 1946 walifungua shule ya wasioona pale Thika. Leo wako katika nchi zaidi ya 130, na Jenerali wao ni Lyndon Buckingham wa New Zealand, aliyechaguliwa mwaka 2023. Ukoo wa Booth haurithi tena kiti.

Sisemi kila mwanzilishi ni mwizi, wala sisemi watu wavae magwanda. Nasema familia ya Booth iliumia, ndugu wakavunjiana heshima, lakini shule na vikosi vikabaki salama kwa sababu kulikuwa na karatasi. Kwa hiyo wewe unayechangia mabati na viti vya plastiki kanisani kwenu, kabla ya harambee ijayo muulize mzee wa kanisa, kwa adabu tu: hati ya kiwanja imeandikwa jina la nani? Akikasirika, jibu umeshapata.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.