Mstaafu na Wakili Wake

Wamo katika mawakili wa Uingereza wachache ambao riziki yao hutoka katika mabishano ya pensheni na ajira, elimu ambayo wanafunzi wengi wa sheria huikimbia kwa kuiona kavu. Na mtu atakayezisoma hukumu walizozipata tangu mwaka 1990 ataona ya kwamba sisi huku Tanzania, tulioumana kwa miaka juu ya kikokotoo, yaani kanuni ya kuhesabu pensheni, tungaliweza kuazima kwao hoja nyingi, nasi hatukuazima hata moja.

Katika nchi ile mawakili wamegawanyika mafungu mawili: wale wanaomsikiliza mteja na kuandaa hati zake, na wale wanaosimama mbele ya hakimu na kusema. Hao wa pili hawaajiriwi na mtu. Hukodi vyumba kwa ushirika na wenzao, karani wao huwapokelea kazi na kupatana ujira, na kwa desturi yao ya zamani hawana ruhusa ya kumkataa mteja eti kwa kuwa daawa yake haipendezi machoni pa watu. Ndiyo maana yule anayeteta kutwa juu ya pensheni za wengine, mwenyewe hana mwajiri wa kumwekea hata senti ya uzeeni. Jambo ambalo, nadhani, humzidishia makini.

Kazi yake ina milango miwili. Mfuko wa pensheni wa kampuni, kwa sheria ya kwao, ni mali ya amana: haumo katika hesabu ya mwajiri, bali hukabidhiwa wadhamini ambao yawapasa kuusimamia kwa manufaa ya wenye haki peke yao, kama mutawalli anavyousimamia wakfu, na msomaji wa Unguja, ambako Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana huyashika mambo hayo yote mawili, hatahitaji sherehe zaidi. Huo ndio mlango wa kwanza, na umuhimu wake ulidhihirika Novemba 1991, pale Robert Maxwell, mwenye magazeti ya Mirror, alipofia baharini, ikaonekana kwamba mamia ya mamilioni ya pauni yalikwisha kuchotwa katika mifuko ya wafanyakazi wake. Mlango wa pili ni mkataba wa kazi, ambao hubishaniwa katika mabaraza ya ajira yasiyo na majoho wala nywele za bandia, na ambako mwenye kudai aghalabu hupewa miezi mitatu tu, pungufu ya siku moja, kufikisha malalamiko yake.

Zamani milango hiyo ilikuwa na mabawabu mbalimbali, na wakili wa amana hakujishughulisha na ya ajira. Aliyeiunganisha ni mtu mmoja aliyepunguzwa kazini. Bwana Douglas Barber alikuwa na umri wa miaka 52 kampuni yake ya bima ilipomwachisha mwishoni mwa 1980. Angalikuwa mwanamke, angalianza kupokea pensheni papo hapo, maana wanawake waliopunguzwa walistahiki wakiwa na miaka 50, lakini wanaume walitakiwa wafike 55. Mahakama ya Ulaya ilihukumu tarehe 17 Mei 1990 kwamba pensheni ya namna ile ni ujira, tena ujira kamili, uliochumwa kwa kazi na kuahirishwa kulipwa, na kwa hiyo hauwezi kugawanywa kwa kutazama jinsia. Barber hakuisikia hukumu hiyo. Alikwisha kufariki, na shauri lilimaliziwa na mjane wake.

Kutoka hapo wakili wa pensheni akawa mtu wa kusoma kila waraka mara mbili, mara moja kwa jicho la amana na mara nyingine kwa jicho la ujira. Usomaji huo si wa kupendeza. Mbele yake huwekwa hati ya mfuko iliyoandikwa labda miaka hamsini iliyopita, na juu yake marekebisho kumi au ishirini, kila moja likiwa limebadili kifungu cha jingine, na swali lake la kwanza si kama marekebisho yale ni ya haki bali kama yalifanywa sawasawa: nani alitia sahihi, kwa mamlaka gani, na barua zilizotakiwa ziko wapi. Katika shauri la mfuko mmoja wa kampuni ya Virgin Media, marekebisho ya mwaka 1999 yalihukumiwa kuwa batili mwaka 2023, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Julai 2024, kwa sababu uthibitisho wa mtaalamu wa hesabu za bima, ambao sheria iliutaka, haukupatikana. Robo karne ilikuwa imepita! Wasimamizi wa mifuko mingi nchini humo wakaanza kufungua makabati ya zamani kwa khofu, na mimi, nikiri, siwaonei huruma sana, kwa kuwa mfanyakazi anayechelewa siku moja kuleta fomu yake huambiwa bila ya haya kwamba muda umepita.

Lakini mashauri mawili yanatuhusu zaidi, na ya ajabu ni kwamba wenye kulalamika walikuwa majaji wenyewe. Wakili Dermod O'Brien alihudumu kama jaji wa muda tangu 1978 hata 2005, akilipwa kwa siku anazoketi. Alipostaafu akaambiwa kuwa jaji wa kudumu ana pensheni, na jaji wa muda mwenye mshahara anayo pia, ila yeye wa posho ya siku hana kitu. Alidai, na daawa yake ikaenda Mahakama ya Ulaya, huko Luxembourg, mara mbili na Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza zaidi ya mara moja, hata mwaka 2013 ikahukumiwa kwamba anastahiki, na Novemba 2018 kwamba hata miaka aliyotumikia kabla ya sheria ya wafanyakazi wa muda kuanza lazima ihesabiwe. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 20 Desemba 2018, Mahakama ya Rufani ikatoa hukumu ya McCloud. Serikali ilikuwa imebadili pensheni za utumishi wa umma kuwa duni zaidi, ikawaacha wazee katika mpango wa zamani na kuwahamishia vijana katika ule mpya. Majaji wa umri mdogo, McCloud miongoni mwao, wakamshitaki Waziri wa Sheria, na askari wa zimamoto wakaishitaki serikali kwa hoja ile ile, na wote wakashinda, kwa kuwa kuwabagua watumishi kwa umri bila ya sababu ya kutosha ni haramu kwa sheria.

Ushindi ule haukuishia kwa walioleta daawa. Kwa vile hukumu ilisimama juu ya kanuni, serikali ililazimika kukiri kwamba walimu, wauguzi na polisi, ambao hawakukanyaga barazani, wana haki ile ile, na sheria ya 2022 ikawarudishia miaka yao kuanzia Aprili 2015. Muuguzi wa Leeds amefaidika kwa hoja iliyotolewa kwa ajili ya jaji.

Sasa tutazame kwetu. Mifuko minne ya umma ya Tanzania ilipounganishwa mwaka 2018 kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), kanuni mpya ilikuja na mkupuo, yaani fungu la pensheni linalolipwa mara moja mtu anapostaafu, wa asilimia 25, makelele yakawa makubwa, na mwezi Desemba mwaka ule ule Rais Magufuli akaisimamisha. Julai 2022 ikaja nyingine, ya asilimia 33. Juni 2024 Waziri wa Fedha akatangaza bungeni kwamba waliokuwa wameteremshwa kutoka asilimia 50 ya kanuni ya zamani watapandishwa hadi 40. Chukueni mwalimu mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, aliyetumikia miezi 360. Kwa kanuni ya zamani mkupuo wake ulikuwa shilingi 62,000,000. Kwa ile ya 2022 ni 30,700,000 na ushei. Kwa nyongeza ya 2024 ni kama 37,200,000. Pensheni yake ya kila mwezi, ni kweli, imepanda, kutoka 333,000 hadi 372,000 hivi, na wenye kutetea mageuzi wana haki ya kulitaja jambo hilo. Lakini aliyekuwa amepanga kujenga nyumba kwa mkupuo hawezi kumlipa fundi kwa nyongeza ya shilingi elfu arubaini kwa mwezi.

Mara zote hizo nafuu ilikuja kama hisani, na hisani ina sifa moja kubwa ambayo sitaificha: ni ya haraka. Wiki chache zilitosha mwaka 2018, ilhali O'Brien alingoja miaka kumi na mitatu, na Barber alizikwa akingoja. Lakini hisani haimwachii mstaafu wa kesho kitu cha kushika. Aliyetoa 40 aweza kurudisha 33, wala hakuna hukumu itakayomwuliza kwa nini miezi 250 aliyotumikia mtu chini ya kanuni moja ihesabiwe kwa kanuni nyingine.

Hilo ndilo swali ambalo vyama vya wafanyakazi, ambavyo hukata ada kila mwezi katika mishahara ya walimu na wauguzi, vingepaswa kumlipa wakili aliulize mbele ya Mahakama Kuu: je, mtu anayelipa asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri akimwekea 15 kwa ajili ya kazi ile ile, amechuma kitu au ameahidiwa tu? Mawakili wetu wa ajira ni wengi na hodari, lakini wamezoea mashauri ya kuachishwa kazi, ambayo hupelekwa kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 na kumalizika kwa malipo ya miezi kadhaa. Wanaoujua mlango ule mwingine, wa hati za mfuko na hesabu za bima, ni haba. Serikali itajibu, na jibu lake halitakuwa dhaifu, kwamba mifuko ilibebeshwa watumishi wa kabla ya 1999 ambao hawakuchangia, hata ikabidi serikali yenyewe itoe hati fungani ya shilingi trilioni 2.17 kulipa sehemu ya deni hilo. Jibu hilo latakiwa litolewe kwa kiapo, likiambatana na hesabu, mbele ya jaji mwenye mamlaka ya kuuliza ni kwa nini deni la mwajiri likatwe katika mkupuo wa mwajiriwa.