Simu ni yetu, sheria yake tuisome

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Lubumbashi, Kisangani,

Uliza wanafunzi wa fakilte ya sheria: huyu anataka kuwa juji, yule anataka kesi za viwanja, mwingine anaota kandarasi ya kampuni ya migodi. Na sheria ya simu na intaneti? Anacheka: "Ile ni mambo ya Wazungu."

Tunakataa mawazo hayo!

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa, karibu siku 20. Mwaka 2020, RAM ikaanza kula unite zetu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ile ya 3G ao 4G. Ilikufa mwaka 2022 kwa sababu raia walikataa. Kelele ilisaidia, ndiyo. Lakini wewe, nani alikurudishia unite zako?

Tarehe 13 Machi 2023 tukapewa Kode ya Numerike. Soma kifungu 360: ukianzisha ao ukisambaza habari ya uongo juu ya mtu kwenye mitandao, ni jela mwezi 1 mpaka miezi 6, ao faini ya franka 500.000 mpaka 1.000.000, ao vyote viwili. Kusambaza tu! Kidole kimoja kwenye WhatsApp, uko mbele ya parke.

Siku hiyo utahitaji avoka anayejua kuuliza: hii picha ya skrini ilitoka kwenye simu gani? Nani aliigusa? Nani aliruhusu simu yangu ifunguliwe? Asipojua, atakuambia: "Omba musamaha, tulipe, tutoke."

Kode hiyo hiyo inalinda pia data zetu binafsi. Avoka wa makampuni wameisoma. Wetu wako wapi?

Eti kazi hiyo haina wateja? Kila mama wa soko ambaye pesa yake imepotea ndani ya simu ni mteja. Kila kijana anayeuza kwenye Facebook ni mteja. Wateja wako, avoka ndiye amekosekana.

Basi, wanafunzi: daini somo hilo kwenye fakilte zenu. Kaeni na wenzenu wa informatiki, wawaonyeshe namna mashini inaweka alama. Mukiingia baro, musiwaandikie tu makampuni kandarasi. Simameni na raia.

Sheria usiyoisoma, utasomewa mbele ya juji.

Simu ni yetu. Haki ni yetu. Tusome!