Usimwambie Bibi Yangu Imelika

Mwezi uliopita nilifika Kondoa nikitokea chuoni Dodoma, nikamkuta bibi yangu ameketi barazani na bakuli la majivu na nusu limau. Alikuwa anasugua hela mbili za Mjerumani, na zilikuwa zinang'aa kama vijiko vipya.

Zilikuwa tatu. Wiki moja kabla, mnunuzi wa vitu vya kale alipita mtaani, akaichukua moja kwa shilingi elfu tano, pesa isiyofika kilo mbili za sukari. Alimwonyesha bibi taji lililofifia akamwambia, "Bibi, hii imelika. Ingekuwa safi ningekupa zaidi." Ndiyo maana bibi alikuwa anazisafisha zilizobaki, akimsubiri arudi.

Haikuwa imelika. Nilikuwa nimezipiga picha zote tatu mwaka jana, na picha ninazo. Nasema na mnunuzi yule, na kila anayepima sarafu kwa kuangalia tu kama picha yake inaonekana vizuri.

Upande mmoja wa sarafu ile una taji, herufi D.O.A., mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili umeandikwa 20 HELLER, neno lililotuachia hela. Kabla ya vita, sarafu za koloni zilitoka Ujerumani, zikiwa na herufi A ya Berlin au J ya Hamburg. Waingereza walipoifunga pwani, sarafu zikaadimika, na askari, wapagazi na wauza chakula walitaka kulipwa. Wajerumani wakazigonga wenyewe Tabora, katika karakana ya reli. T ni ya Tabora. Mihuri ilichongwa kwa mkono, ndiyo maana taji ni kubwa katika nyingine na dogo katika nyingine, na hata mkia wa herufi L haufanani. Kazi ilifanywa kwa haraka: Aprili 1916 Kondoa ilikuwa tayari mikononi mwa majeshi ya van Deventer, na Septemba Tabora yenyewe ikaanguka. Sarafu nyingi zilitoka karakanani zikiwa zimefifia upande mmoja au zimegongwa pembeni. Zilizaliwa hivyo.

Kufifia kwa kuzaliwa na kufifia kwa kulika ni vitu viwili, na kuvitofautisha hakuhitaji mashine. Kulika huanzia sehemu zilizoinuka, kwa sababu ndizo zinazoguswa na vidole na sarafu nyingine. Sehemu hizo huwa bapa na laini. Pigo likiwa hafifu, chuma hakikujaza muhuri tangu mwanzo: pale pasipo na picha utakuta uso mkavu wa kisahani kilivyokuwa kabla ya kugongwa, huku herufi za jirani zikiwa bado na kingo kali. Kisha geuza sarafu. Mara nyingi utakuta udhaifu mahali hapohapo upande wa pili, maana pande zote mbili hupokea pigo moja. Sarafu ya bibi ilikuwa hivyo: taji halikukamilika, lakini tarakimu za 1916 zilisimama wima.

Najua kipimo hiki cha ukali wa picha kimetoka wapi. Marekani kuna sarafu ya senti tano, nikeli ya Jefferson, inayogongwa tangu 1938, yenye nyumba ya Monticello mgongoni. Wakusanyaji huhesabu ngazi za nyumba hiyo kwa lenzi. Zikitimia tano au sita bila kukatika, bei hupanda. Kule kipimo hicho kina maana. Viwanda vinagonga mamilioni kutoka mchoro mmoja, kwa hiyo ngazi zilizokamilika zinakuambia pigo lilikuwa na nguvu ya kutosha. Lakini hata kule, mjuzi hawezi kuiita nikeli isiyo na ngazi kuwa imelika kabla hajatazama uso wake.

Utaniambia soko ndilo linaloamua. Sawa. Ukisema, "Bibi, hii haikugongwa vizuri, wateja wangu wanapenda zenye taji kamili, nakupa elfu tano," sina ugomvi nawe. Wala sidai bibi aliuza utajiri. Hela 20 za shaba ya njano ziligongwa zaidi ya milioni moja na nusu. Zile za shaba nyekundu ndizo chache, kama laki tatu. Bei ni maelewano. Sababu ya bei si maelewano: ama unaijua, ama unanyamaza.

Maana neno lako lilifanya kazi baada ya wewe kuondoka. Hela zile alipewa na baba yake, aliyeachiwa na baba yake aliyebeba mizigo ya vita. Zilikaa kwenye kitambaa miaka yote hiyo bila kusuguliwa na mtu, na rangi yao ya kahawia ndiyo iliyokuwa ushahidi kwamba hazijaguswa. Mkusanyaji yeyote makini angeilipia rangi ile. Majivu na limau viliimaliza kwa asubuhi moja, na kingo za herufi zikaondoka nayo. Sasa hizo mbili kweli zimelika.

Bibi aliziinua juani akaniuliza kama zimependeza. Nikamjibu zimependeza. Uongo huo ni wangu, nitaubeba. Ule wa kwanza ni wako.