Kidonge Kipo Kabatini

Shangazi yangu hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Nalisema hili mapema kwa sababu siku tulipomzika, kijijini Ruangwa, nilimsikia mtu mzima, tena mwenye heshima zake, akinong'ona jamvini kwamba tumbo lile lilikuwa la uraka, pombe ya mabibo. Mwanamke aliyefunga Ramadhani zake zote, aliyewatimua vijana waliokuja kumwomba mabibo ya kukamulia pombe, akaingia kaburini na jina la mlevi. Kosa lake ni kwamba tumbo lilijaa maji na macho yakageuka rangi ya bizari.

Daftari lake la matibabu ninalo. Ni daftari la shule, kama yalivyo ya wagonjwa wengi wa vijijini, na ndani yake mara tatu yameandikwa maneno yaleyale: maumivu ya tumbo. Mara tatu akaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo. Mara ya nne akatolewa maji, mumewe akaambiwa amrudishe nyumbani. Hakuna aliyempima homa ya ini. Akafia kitandani kwake, na kwa kuwa alifia kitandani kwake, hakuna kitabu chochote cha serikali kilichoandika kwamba aliyemuua ni ini. Katika hesabu za nchi, shangazi yangu hakufa kwa ugonjwa wowote.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Wala mtu asiniambie kwamba wilaya zetu, Nachingwea na Ruangwa, ni mbali, watafiti hawafiki. Wamefika! Mwaka 2004 Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa London walipita katika wilaya 5 za Kusini, zetu mbili zikiwamo, pamoja na Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba. Waliingia nyumba kwa nyumba na kompyuta za kiganjani, wakati wengi wetu simu ya mkononi tulikuwa tunaisikia tu. Walikuwa wakichunguza kama dawa ya malaria ikitolewa kwa watoto wachanga pamoja na chanjo itawakinga. Mwaka 2007 wakarudi na kuhesabu kaya zaidi ya laki mbili. Takwimu hizo zikatoa jambo ambalo kila mbunge wa Kusini angepaswa kulijua kwa moyo: mwanamke aliyeishi ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali, hatari yake ya kufa kwa matatizo ya uzazi ilikuwa vifo 111 kwa kila vizazi hai 100,000. Aliyeishi zaidi ya kilomita 35, vifo 422. Karibu mara nne, na tofauti ni barabara.

Sina neno baya na watafiti wale. Neno langu ni kwetu sisi wenye nchi. Milango ileile ilibishwa hodi, tukaulizwa vyandarua, homa za watoto, mimba na vifo vya wazazi. Ini halikuulizwa. Kama umbali unaua mzazi kiasi hicho, naye uchungu wake unajulikana na kijiji kizima ndani ya saa chache, unamfanya nini mtu ambaye ini lake linaharibika kimyakimya miaka 20 kabla hajasikia maumivu yoyote? Kutoka Nachingwea hadi Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 500. Mei 2024, kilipopita Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga na Kusini nzima ikabaki upande wa pili. Hiyo ndiyo njia ya rufaa ya mgonjwa wa ini.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe, maana maneno ya pombe na uchawi yametuziba macho kwa muda mrefu. Pombe inaharibu ini, na gongo ya mabibo siitetei. Lakini kirusi cha homa ya ini B hakimuulizi mtu kama amekunywa. Kinakaa kwenye damu, kinapita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, kinapita kwa watoto wadogo wanaocheza pamoja na vidonda vyao, kinapita kwenye wembe wa chale uliokata watu watatu, na kwenye kisu cha jando kilichokata wari kumi bila kuchemshwa. Mtu mzima akikipata, mara nyingi mwili wake unakishinda wenyewe. Mtoto mchanga akikipata, mara 9 kati ya 10 kinabaki naye maisha. Kisha kinangoja. Anakua, anaoa, analima korosho zake, na akifika miaka 40 hivi, tumbo linaanza kuvimba.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake mwaka 2024: watu milioni 254 wanaishi na homa ya ini B, na kila siku watu 3,500 wanakufa kwa homa za ini B na C. Asilimia 63 ya maambukizi mapya ya B yako Afrika. Na kinga ya kwanza kabisa, sindano ambayo mtoto anatakiwa kuchomwa ndani ya saa 24 tangu azaliwe, Afrika inawafikia watoto 18 tu katika kila 100. Shirika hilohilo limeitaka dunia itoe sindano hiyo tangu 2009. Sisi tuliingiza chanjo ya homa ya ini kwa watoto mwaka 2002, jambo jema kabisa, lakini ratiba ile ilikuja kuwa ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mtoto aliyekipokea kirusi usiku wa kuzaliwa, sindano ya wiki ya 6 inamkuta ameshachelewa.

Na dawa? Hili ndilo linaloninyima usingizi. Katika kliniki za VVU, zile tunazoziita CTC, kuna kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake. Moja ya dawa hizo ni tenofoviri. Tenofoviri hiyohiyo ndiyo inayokizuia kirusi cha homa ya ini B kisiendelee kulila ini. Mwenye VVU na homa ya ini kwa pamoja anapewa bure, ini lake linakingwa, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mwenye homa ya ini peke yake hana mfuko wa wafadhili nyuma yake, hana mradi, hana mtu wa kumpigia simu akikosa kliniki. Yeye anaambiwa akatafute hela. Bei ya dawa hiyo inayotajwa na Shirika la Afya Duniani ni dola 2.4 kwa mwezi, haifiki hata nauli ya kwenda Lindi na kurudi. Si kila mwenye kirusi anahitaji kumeza, lakini mwaka 2024 mwongozo wa dunia ulilegezwa ili wengi zaidi waanze mapema, tena kwa vipimo vya damu vya kawaida pasipo mashine kubwa. Kabati ni lile lile, mganga ni yule yule. Nani ameandika kwamba mlango wa kabati hilo ufunguliwe kwa kirusi kimoja tu?

Nimeona vijana wetu wanavyokuja kujua kwamba wana homa ya ini. Dada anajifungua, damu inahitajika, kaka anajitokeza kifua mbele. Siku ya pili anaambiwa damu yake haifai. Akiuliza kwa nini, anajibiwa ana homa ya ini, aende mjini. Mjini wapi? Kwa nani? Anarudi nyumbani, anakaa kimya, anaogopa hata kumwambia mkewe, na mganga wa jadi anampokea kwa mikono miwili kwa sababu yeye walau ana muda wa kumsikiliza.

Halafu kuna karanga, adui mwingine wa ini. Nachingwea na karanga zina historia ya uchungu. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walituletea matrekta, wakafyeka misitu, wakajenga reli kuja hadi hapa kutoka pwani, yote kwa ajili ya mafuta ya karanga ya kupikia Ulaya. Kufikia 1951 mpango umekufa, na baadaye reli ikang'olewa. Karanga zikabaki kwetu, kwenye uji, kwenye kisamvu, kwenye mboga ya mchicha. Kaa na mama yeyote barazani baada ya mavuno uone. Maganda ni magumu, vidole vinauma, kwa hiyo anazinyunyizia maji zilainike kabla ya kumenya. Zikilala na unyevu ule, ukungu unaingia. Anapochambua, nzuri nyeupe zinaenda gunia la mnunuzi, zilizosinyaa na zenye rangi ya kijivu zinabaki kwenye ungo. Zile za kwenye ungo zinasagwa unga wa uji wa mtoto. Ndizo zinazobeba sumukuvu, sumu ya ukungu huo, na kuzikaanga hakuiondoi yote.

Sumukuvu tunaijua. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 20 walikufa, matumbo yamevimba, macho ya njano, na mwanzoni ukaitwa ugonjwa usiojulikana. Kenya mwaka 2004 walikufa 125. Hao walikula nyingi kwa mkupuo. Anayekula kidogo kidogo miaka yote, na ana kirusi cha homa ya ini B, hatari yake ya saratani ya ini inapanda maradufu kwa maradufu, kwa kuwa viwili hivi vinasaidiana kuua. Naliendele, Mtwara, wapo wataalamu wanaozalisha mbegu bora za karanga miaka mingi sasa. Elimu ipo. Lakini nendeni ghala lolote la RUNALI, chama chetu cha ushirika, msimu wa korosho: korosho inapimwa unyevu, inapangwa daraja, ikiwa mbichi inarudishwa ikaanikwe, maana inasafiri kwenda India na Vietnam. Karanga ya mtoto wa mkulima huyohuyo haipimwi na mtu. Tunalilinda tumbo la mteja aliye ng'ambo kuliko la mwanetu.

Kwa karibu miaka 10 Waziri Mkuu wa nchi hii alikuwa mbunge wa Ruangwa. Majengo yamepanda, lami imefika Ruangwa, na hayo nayashukuru kwa dhati. Lakini majengo na lami peke yake haviponyi ini: Wizara ya Afya sasa iweke kipimo cha homa ya ini B kwenye kila kliniki ya wajawazito ya wilaya hizi mbili. Ni tone la damu kidoleni, majibu kabla chai haijapoa. Iweke sindano ya siku ya kwanza kwenye kila chumba cha kujifungulia, si wilayani tu. Itoe tenofoviri bure kwa anayeihitaji, dirisha lilelile la CTC. Na watafiti watakaorudi kutubisha hodi waje na daftari lenye safu ya ini.

Binti wa marehemu shangazi yangu ana mimba ya miezi saba. Amehudhuria kliniki mara tatu, amepimwa VVU, amepimwa kaswende, amepewa vidonge vya kuongeza damu na chandarua. Homa ya ini hajapimwa, na mama yake amekufa vile tulivyoona. Kama anacho kirusi, kuna dawa ya kumeza sasa hivi ili asimpe mtoto. Atajifungua katikati ya msimu wa korosho, wakati kila bodaboda iko ghalani. Kwa hiyo nimekodi gari, Alhamisi alfajiri tunampeleka Mtwara kupimwa. Jirani yake, naye mjamzito, amesikia habari. Jana jioni alikuja kuuliza kama garini patapatikana nafasi mbili, yake na ya mdogo wake.